Chai ya Krismasi hotelini London na watoto wadogo: twende wapi?

Mdogo wangu anakuja kutoka Dar na mwanawe wa miaka mitano, na kabla hajakata hata tiketi ameshanitumia picha tatu za mti wa Krismasi wa hoteli ya Claridge's. "Dada, hapa lazima tunywe chai." Mimi ninao wangu wawili, mkubwa ana miaka saba na mdogo mitatu. Kwa jioni kadhaa nimekaa na daftari nikipambanisha sehemu tano ambazo kila Desemba ndugu na marafiki huniuliza habari zake: Claridge's, Ritz, Ampersand, Fortnum & Mason, na yale mabasi ya ghorofa yanayozunguka mjini huku watu wakinywa chai. Nne kati ya hizo nimekwenda mwenyewe, baadhi na watoto, nyingine bila wao. Naandika nilichokiona kwa sababu kurasa nyingi zinazolinganisha hoteli hizi zimeandikwa na watu waliokwenda wawili wawili, na mtu mwenye mtoto wa miaka mitatu anahitaji kuambiwa mambo mengine kabisa.

Saa kwanza, hoteli baadaye

Sisi tukisikia chai ya saa kumi picha inakuja yenyewe: chupa ya chai mezani, maandazi au mihogo, mtu anapoza tumbo mpaka usiku. Ya Waingereza haikuanza mbali na hapo. Inasimuliwa kwamba miaka ya 1840 Anna, Duchess wa Bedford, alikuwa akibanwa na njaa alasiri, maana matajiri wa wakati ule walikuwa wamekisogeza chakula cha usiku mbele sana. Akaanza kuletewa chai na mkate wa siagi chumbani, baadaye akawa anawaalika rafiki zake. Kwa hiyo huu ni mlo uliobuniwa kwa ajili ya mtu mzima ambaye chakula chake kitachelewa. Mwanangu mdogo anakula saa kumi na moja jioni na saa moja yuko kitandani. Nikimkalisha hotelini saa tisa na nusu nimempotezea usingizi wa mchana, na chakula cha jioni hatakigusa tena, tumbo limejaa keki.

Nililijua hili kwa taabu. Miaka miwili iliyopita tulikwenda hoteli moja ya katikati ya mji, meza ya saa tisa na nusu. Tukakalishwa saa kumi. Kile kisimamio cha sahani tatu zenye sandwichi, skonzi na keki kilifika saa kumi na nusu, na kufikia hapo mkubwa alikuwa ameshatafuna vibonge vinne vya sukari ya mezani. Mdogo, wakati ule wa mwaka mmoja, alinyoosha mkono akagusa ubavu wa birika la fedha lililotoka kujazwa maji ya moto. Ukelele aliopiga, chumba kizima kiligeuka. Mhudumu alikuja mbio na bakuli la maji ya baridi, na namshukuru Mungu ngozi haikubabuka. Nusu saa baadaye alilala mapajani mwangu na kipande cha skonzi kwenye ngumi, malai yakiyeyukia mkononi mwa sweta lake. Tulilipa bili kamili, na nje giza lilikuwa limeshaingia zamani. Desemba hapa jua linazama kabla hata ya saa kumi.

Tangu siku ile swali langu la kwanza kwa hoteli yoyote ni moja: awamu yenu ya kwanza ya kukalisha wageni wa chai inaanza saa ngapi? Kwa mtoto wa chini ya miaka sita, chai hii ihesabu kuwa chakula cha mchana. Ndani yake mna sandwichi, mna kitu cha moto, mna keki, inatosha kabisa. Mpe kifungua kinywa mapema, mfikishe pale na njaa yake, na kulala alale ndani ya kigari mkiwa njiani kurudi. Hoteli ikikujibu kuwa iliyobaki ni saa kumi na moja tu, hata iwe nzuri namna gani, mwenye watoto wadogo aiache.

Claridge's na Ritz

Hizi mbili ndizo watu huzitaja pamoja, ila ukiwa na mtoto zinatofautiana sana.

Ritz ilifunguliwa mwaka 1906 pale Piccadilly, na chai inaandaliwa Palm Court, ukumbi wa dhahabu na vioo ulio wazi kwa kila anayepita kwenye korido kuu. Sifa yake kubwa kwa mzazi watu wengi hawaijui: ina awamu nyingi. Kwa miaka mingi zimekuwa tano, kuanzia saa tano na nusu asubuhi mpaka saa moja na nusu usiku. Ile ya asubuhi wageni wengi huikwepa kwa kuona chai haina maana saa hizo, na ndiyo hasa inayomfaa mtoto. Kikwazo ni mavazi. Ritz inajulikana kwa sharti la koti na tai kwa wanaume, na jinzi na raba hazitakiwi. Shemeji wangu, ambaye tai aliivaa mara ya mwisho siku ya ndoa yake, aliposikia hivyo alisema yeye atabaki nyumbani kulinda mlango. Jambo jingine ni kwamba awamu zikifuatana hivyo, meza yako ina mtu anayeisubiri. Mtoto anayekula taratibu, anayetaka kwenda chooni mara tatu, atakuweka roho juu.

Claridge's ina mti. Kila mwaka mbunifu fulani anaalikwa kuutengeneza: 2022 walikuwa Jimmy Choo, 2023 Louis Vuitton, 2024 Paul Smith. Unasimama pale mapokezi, na chai inanywewa kwenye ukumbi uliopakana napo, katika vyombo vya mistari ya kijani na nyeupe. Ni pazuri, sitamdanganya mtu. Lakini mti ule hauhitaji chai. Watu wanaingia, wanautazama, wanapiga picha, wanatoka. Mtoto wa miaka mitatu hamu ya mti inamwishia ndani ya dakika sita hivi (nimewahi kuhesabu), baada ya hapo anataka kujua kwa nini haruhusiwi kuvuta yale mapambo ya chini. Saa moja na nusu inayobaki ni ya mama kufurahia ukumbi, na mama mwenyewe hafurahii, anachunga vikombe.

Kati ya hizo mbili, kwa mtoto wa miaka saba na kuendelea ningechukua Claridge's, kwa sababu hawabani sana mavazi na mtoto wa umri huo anaupenda mti kwa dhati; anakaa anahesabu, anauliza nani katengeneza. Kwa familia inayotaka saa ya mapema kabisa na baba asiyeogopa tai, Ritz. Kwa wa miaka mitatu, zote mbili hapana. Mpeleke akauone mti bure, halafu mkale kwingine.

Kwa wenye vigari: kituo cha treni cha Green Park kina lifti na Ritz iko ubavuni mwake. Bond Street, kituo cha kushukia kwenda Claridge's, nacho kina lifti. Usishuke Oxford Circus na kigari. Hakuna lifti, na Jumamosi ya Desemba umati ule ni wa kubeba mtoto begani.

Ampersand

Hii iko South Kensington, hatua chache kutoka mlango wa kituo. Haina jina kubwa kama zile mbili, na huo mti wa kupigia picha sahau. Wao chai yao waliitengeneza kwa mada ya sayansi, kwa kuwa wamezungukwa na makumbusho, na baadaye wakaongeza ya dinosaria kwa ajili ya watoto. Tulipokwenda, jemu ililetwa kwenye vile visahani vya maabara, kulikuwa na moshi wa barafu kavu, na biskuti za umbo la mifupa zilikuwa zimefukiwa ndani ya "udongo" wa chokoleti, mtoto azifukue mwenyewe.

Hapo kwenye kufukua ndipo nilipowaelewa. Katika hoteli nyingine, kila kitu mezani mtoto anaambiwa asiguse. Hapa amepewa kazi ya mikono. Mkubwa wangu alifukua kwa makini, mfupa mmoja mmoja, akiupangusa kwa kidole na kuupanga pembeni mwa sahani. Mdogo alichota udongo wote akautia mdomoni, kisha akaomba mwingine. Wote wawili walikaa vitini mwao mpaka mwisho. Sikumbuki mara nyingine walipokaa hivyo nje ya nyumba yetu.

Kuna sababu ya pili, nayo naipa uzito uleule. Jumba la Makumbusho ya Historia ya Asili liko jirani, kiingilio bure, linafunguliwa saa nne asubuhi. Mnaingia asubuhi, mnamwona yule nyangumi wa bluu anayeitwa Hope, mifupa mitupu, urefu wa mita 25, ananing'inia ukumbini tangu 2017 kana kwamba anapiga mbizi juu ya vichwa vyenu. Mnawaona dinosaria. Saa sita na nusu mnatoka na watoto wenye njaa ya kweli na maswali kichwani, mnakwenda kula dinosaria wa biskuti. Siku nzima inashikamana. Ila jumba hilo hufungwa tarehe 24 hadi 26 Desemba, msije mkafika mlangoni mkakuta kufuli.

Upungufu wake nao niuseme. Anayetaka Krismasi yenyewe, nyimbo, taa, mapambo mpaka darini, hapa hataipata kwa kiwango kile. Kituo cha South Kensington kina ngazi, hasa ukija na treni ya chini ya ardhi ya njia ya Piccadilly. Kigari tulikibeba watu wawili. Na bibi aliyekuja kutoka nyumbani akitamani Uingereza ya kwenye picha, akiletewa jemu kwenye kisahani cha maabara atauliza kama tumekosea mlango.

Fortnum & Mason, na mabasi

Fortnum si hoteli, ni duka la pale Piccadilly, lililoanzishwa 1707. Chumba chake cha chai, kule juu ghorofa ya nne, kilifunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 2012. Nimekiweka humu kwa ajili ya mabibi na mababu. Ni kimya, ni cha heshima, viti ni vya kukaa mtu akasimulia. Kwa watoto, kilicho cha thamani kiko nje: saa ya ukutani ya mwaka 1964, ambayo kila saa kamili wanasesere wawili, Bwana Fortnum na Bwana Mason, hutoka na kuinamiana. Fika dakika tano kabla. Mwanangu alinitazamisha mara mbili, maana yake tulisubiri saa nzima kwenye baridi, na sijutii.

Mabasi ya chai sitayasemea marefu. Ni mazuri kwa mtoto anayependa mabasi, anakaa ghorofani, anaona taa, vikombe vina vifuniko. Lakini basi halina choo. Mwenye mtoto aliyeacha nepi mwezi uliopita anaelewa maana ya saa moja na nusu kwenye foleni ya magari ya Desemba. Na mtoto anayechefukwa safarini, usithubutu kumlisha malai ndani ya gari linaloyumba.

Isitoshe, basi unalo tayari. Watoto wa chini ya miaka 11 hawalipi kwenye mabasi ya London. Mkitoka chai South Kensington, pandeni namba 14, mkae ghorofani mbele kabisa kwenye kioo: mtapita Harrods imewashwa taa zote, mtapita kona ya Hyde Park, mtaingia Piccadilly mpaka mbele ya Ritz na Fortnum. Mkubwa wangu mpaka leo akiulizwa habari ya siku ile anaanza na basi.

Kilichomo kwenye sahani

Neno skonzi litawachanganya watoto waliokulia nyumbani. Skonzi ya duka la mtaani ni mkate mdogo laini, mtamu. Ya huku, ambayo ndiyo chimbuko la jina, inavunjikavunjika, haina utamu mwingi, na inaliwa kwa jemu na malai mazito. Mpwa wangu mwingine alipoitafuna mara ya kwanza aliniangalia kwa huzuni: "Mama mkubwa, hii imechina." Mpakie jemu nyingi.

La muhimu zaidi ni pombe na nguruwe. Chai ya kawaida huwa nyepesi kwa Mwislamu kuipanga, ila ya Krismasi ina mitego. Vile vipai vidogo vya zabibu kavu na viungo mara nyingi vina brandi, na mafuta yake yanaweza kuwa ya ng'ombe asiyechinjwa. Keki ya Krismasi hunyweshwa brandi kwa wiki kadhaa. Sandwichi moja karibu kila mara ni ya nguruwe, na peremende laini zinazofanana na pamba zina jelatini, mara nyingi ya nguruwe. Familia yetu ina Waislamu na Wakristo kwenye meza moja, kwa hiyo naandika hoteli barua pepe wakati wa kuweka nafasi, si siku yenyewe: meza nzima isiyo na nyama, isiyo na jelatini, isiyo na pombe hata kwenye keki. Anayetaka ya kuchinjwa aulize waziwazi, wengine wanayo. Samaki wa moshi, mayai na tango vinawatosha wetu. Vivyo hivyo kwa mtoto anayedhurika na karanga au maziwa: sheria ya hapa inawataka wakueleze kama chakula kina chochote kati ya vizio 14 vilivyoorodheshwa, yaani vyakula vinavyowadhuru baadhi ya watu. Usione haya kuuliza mara mbili.

Na chai yenyewe? Nyumbani tumelelewa na chai ya maziwa tangu tukiwa wadogo, ndiyo maana watu hunishangaa. Ushauri wa huduma ya afya ya hapa, NHS, ni kwamba chai haifai kwa watoto wachanga na wadogo, kwa kuwa inapunguza uchukuaji wa madini ya chuma. Wangu naomba maziwa ya uvuguvugu au chokoleti ya moto, na mhudumu aipoze kwanza. Njugu nzima zikiwekwa juu ya keki naziondoa. Chini ya miaka mitano zinaweza kumkaba. Na birika, mara tu linapofika, nalihamishia upande wa watu wazima. Yule mdogo nyumbani bado analiita "lile kali".

Fedha

Hoteli kubwa za Mayfair, mtaa wa Claridge's, na za Piccadilly zimefika mahali ambapo mtu mzima analipa pauni 70 na kuendelea, na msimu wa Krismasi nyingine zinavuka 100. Watoto wana bei yao, ila umri unaohesabika hubadilika hoteli hadi hoteli. Tuseme watu wazima wawili kwa 95 na watoto wawili kwa 50: hapo ni 290. Juu yake mara nyingi huja asilimia 12.5 ya huduma, na bili inasoma 326 na senti zake. Kwa hela hiyo lazima mtoto awe na umri wa kukumbuka.

Kuna njia ya kupunguza ambayo wazazi wa watoto wasioanza shule huisahau: Jumatatu hadi Alhamisi, wiki mbili za kwanza za Desemba, shule bado hazijafunga. Bei mara nyingi ni nafuu, kelele ni chache, na wahudumu wana muda wa kuongea na mtoto. Jumamosi za Desemba ukisubiri mpaka Novemba utaambulia zile saa za jioni nilizosema uziache. Tarehe 25 yenyewe iondoeni kabisa kwenye hesabu kama hamna gari: siku hiyo London hakuna treni wala basi, na teksi zinajua hivyo.

Basi nimempigia mdogo wangu. Amenuna kidogo kuhusu Claridge's, tukapatana hivi: Jumatano, tarehe 10, asubuhi tunaanza na nyangumi, saa sita na nusu tuko Ampersand, watu wazima watatu na watoto watatu, mkubwa wangu nimemwombea ruhusa shuleni. Jioni namba 14, tunashuka Green Park, tunatembea na watoto mpaka kwenye ule mti, dakika zao sita, picha zake tatu. Siku mbili baadaye baba watoto atabaki nao nyumbani, na mimi na mdogo wangu tutarudi Claridge's peke yetu, saa kumi kamili, tukanywe chai ikiwa ya moto.